Where the Wild Things Are cha Maurice Sendak: uzoefu wangu kukisoma na mtoto

Kabla sijakinunua nilikuwa nimesikia maonyo mengi kuliko sifa. Ni kitabu cha picha kuhusu Max, mvulana mtundu ambaye mama yake anamtuma kitandani bila chakula, kisha anasafiri hadi nchi ya mazimwi. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1963, na mwaka uliofuata kikapata medali ya Caldecott, tuzo kubwa ya vitabu vya picha nchini humo. Sifa hizo hazikumzuia mwanasaikolojia Bruno Bettelheim kukishambulia mwaka 1969 katika jarida la Ladies' Home Journal. Kwake, kumpeleka mtoto kulala peke yake, tena bila chakula, ni kumtia hofu ya kutelekezwa. Kisa alisimuliwa tu. Kitabu chenyewe hakuwa amekisoma.

Binti yangu ana miaka minne. Mazimwi hayakumtisha hata kidogo. Meno na kucha zao alizicheka, na Max alipoyakodolea yale macho ya njano bila kupepesa mpaka yakanywea, naye akayakodolea. Kilichomchoma kilikuwa kurasa za mwanzo, pale mama anapomtuma Max kitandani. "Kwa hiyo hakula?" Akauliza mara ya pili, nikaambiwa nisifunue kwanza. Kwa hilo Bettelheim nampa haki yake: panapouma ni papo hapo alipopagusa. Ila binti yangu alifika mwisho wa kitabu, kwenye ukurasa usio na picha, wenye maneno machache tu kwamba chakula kilikuwa bado cha moto. "Aha, kumbe alimwekea," akasema, akataka tuanze upya.

Uchoraji ndio unaonirudisha mimi. Mwanzoni picha ni ndogo, zimezungukwa na weupe. Msitu unapoota chumbani zinatanuka, zinameza ukingo, hadi mazimwi yanapoanza kurukaruka na maneno yanatoweka kabisa kwa kurasa sita. Mzazi mwenye haraka atazifunua upesi kwa kuwa hakuna cha kusoma. Asifanye hivyo! Sisi hapo tunanguruma na kupiga meza, na majirani wanatuvumilia.

Lawama yangu kwa kitabu inatokana na kukisoma kwa sauti: sentensi moja hukatwa na kuendelea kurasa kadhaa mbele, na ukivuta pumzi mahali pasipo pake utamu unamwagika. Kipitie peke yako kwanza.

Tulijaribu pia In the Night Kitchen, kitabu kingine cha Sendak, cha mwaka 1970. Hicho kiliwaudhi watu kwa sababu Mickey, mvulana wa kisa hicho, yuko uchi, na wapo wakutubi waliomchorea nepi kwa mkono. Binti yangu uchi hakuuona. Alichoona ni ndege iliyofinyangwa kwa donge la mkate. Mimi hadithi yake ilinipotea njiani. Kile cha mazimwi ndicho ningekinunua tena, toleo kubwa la jalada gumu, maana kwenye simu zile picha za kurasa mbili hukatika katikati.