Kupima bodi za setilaiti kwa protoni PSI, Villigen: panafaa kwa nini na panakwamisha wapi

PearlAfricaSat-1, setilaiti ya kwanza ya Uganda, iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa Desemba 2022. Ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Anayetaka kujenga nyingine kwa chipu za kawaida za dukani lazima ajue mionzi ya angani itazifanya nini. Paul Scherrer Institut (PSI) ya Villigen, Uswisi, ni mahali pazuri pa kujua, ila si kwa kila aina ya mionzi.

Protoni, chembe za kiini cha atomu, hutoka kwenye saiklotroni (mashine ya kuzipa kasi) ileile inayotibu wagonjwa wa saratani. Mgonjwa kwanza, kwa hiyo zamu za elektroniki huangukia usiku na wikendi. Nendeni watu wa kutosha kupokezana. Nguvu hufika 230 MeV (kipimo cha nguvu ya chembe), na ukitaka ndogo zaidi mabamba ya shaba huipunguza. Raha yake ni kwamba protoni za nguvu hiyo hupenya ganda la plastiki, hivyo chipu haifunguliwi.

Eneo linalopigwa ni duara la hadi sentimita 9. Bodi ya PC/104, umbo la kawaida la bodi za setilaiti ndogo, ina milimita 90 kwa 96, maana yake pembe zote nne zinabaki nje. Kidhibiti volti kilichokaa pembeni kitaonekana kimefaulu, kumbe hakikuguswa. Afadhali kupima chipu moja moja na kuzikinga nyingine, la sivyo bodi ikizimika hutajua nani kaizima.

Kosa linalokula muda kuliko yote ni haraka. Lengo la kawaida ni protoni 10¹⁰ kwa kila sentimita ya mraba. Kwa kasi ya protoni 10⁷ kwa sekunde kwenye eneo hilo unamaliza ndani ya dakika 17. Kwa 10⁶ ni karibu saa 3. Wengi hukimbilia ile ya kwanza. Lakini kama kompyuta ya bodi huchukua nusu dakika kuwaka, na protoni zinaigandisha kila baada ya sekunde 5, protoni nyingi zitakuwa zinapiga kitu kilicholala, na hesabu ya makosa haina thamani. Anza chini, ongeza polepole. Kumbuka pia kwamba kwa 200 MeV kiasi hicho huacha karibu greyi 6 (kipimo cha dozi ya mionzi) ndani ya silikoni. Ukirudia mara 10 huenda bodi imechoka, kwa hiyo beba za akiba.

Waya nao. Watu hukaa nje ya ukuta mnene, bodi iko ndani, na USB haiwezi umbali huo. Tumia Ethernet au RS-485, njia za waya zinazofika mbali. Ukiweka kompyuta ndogo ndani ili ikusaidie, ifiche mbali na mwale, kwani nyutroni zinazotapakaa chumbani huigandisha nayo, halafu mnailaumu bodi. Chaja za Uganda zenye miguu bapa haziingii kwenye soketi za Uswisi. Adapta zinunuliwe Kampala kabla ya safari.

Kuna hitilafu inayoua chipu: njia ya umeme isiyotakiwa hufunguka ndani ya silikoni, mkondo unapanda na haushuki mpaka uzime umeme wote. Ukichelewa, nyuzi za ndani huyeyuka. Weka kikomo cha mkondo kidogo juu ya matumizi ya kawaida, kizime umeme chenyewe ndani ya milisekunde, na kila tukio liandikwe na saa yake.

Hapo ndipo mpaka wa huduma ulipo. Protoni huleta hitilafu hiyo kupitia vipande vya kiini cha silikoni vinavyoruka zinapokigonga, na vipande hivyo vina nguvu ndogo kuliko ioni nzito za angani, yaani viini vya atomu nzito kama chuma. Chipu iliyopita Villigen bado inaweza kufa kwa ioni nzito. Kwa hizo nenda Jyväskylä, Finland, au Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, ukiwa umeshafungua ganda. Kwa protoni peke yake, maabara ya iThemba LABS karibu na Cape Town hufika 200 MeV, na ni Afrika hapahapa.

Mwisho, usikate tiketi ya kurudi na bodi mkononi. Iliyopigwa huwa na mionzi yake yenyewe: kaboni-11 hupungua nusu kila dakika 20, lakini sodiamu-22 inayozaliwa kwenye alumini huchukua miaka 2.6. Ng'oa fremu na vipoza joto vya alumini kabla ya kuanza. Bodi itabaki kule hadi vipimo viiruhusu, na ikibidi isafirishwe bado ina mionzi, zungumza mapema na Baraza la Nishati ya Atomiki la Uganda.