Mazda Roadster ya mkono wa pili: nani alikuwa akinywa betri yangu usiku?

Mwezi wa Januari nilinunua Mazda Roadster ya mwaka 2009 kutoka kwa mtu binafsi hapa Kilimani, Nairobi. Ni ya kizazi cha tatu, injini ya lita 2.0, gia za mkono, viti viwili na paa la turubai. Nimeitamani gari hii tangu nikiwa chuoni, na kwa mwendo sina neno baya juu yake. Ni nyepesi, inatii usukani, na kona za Red Hill asubuhi ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, zinanifurahisha hadi leo. Kilichonitesa ni umeme.

Wiki ya pili niliiegesha Ijumaa jioni. Jumatatu nikabonyeza rimoti, kimya. Nikazungusha ufunguo, stata ikalia tik tik tik. Jirani akanisaidia kwa waya za betri yake, nikafika kazini Upper Hill nikiamini betri imezeeka. Nikanunua mpya ya ampea 45, shilingi 9,500. Siku nne baadaye mambo yakawa yaleyale. Fundi wa kwanza alifungua boneti, akatazama, akasema alternata, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inazunguka, imekufa na anaweza kunipatia nyingine Kirinyaga Road kwa 18,000. Hakupima chochote. Nilibaki kidogo tu nimtumie hizo pesa.

Kilichonitisha zaidi kilitokea Waiyaki Way, karibu na Kangemi. Gari ilizimika ghafla nikiwa mwendoni, taa zote za dashibodi zikawaka, na nyuma yangu kulikuwa na matatu. Nilifanikiwa kuiteleza hadi kando. Baada ya dakika mbili nilizungusha ufunguo, ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Usiku ule sikulala vizuri.

Mwenzangu kazini ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa umeme wa magari, Industrial Area. Aliweka mita kwenye betri injini ikiwa inanguruma, ikasoma volti 14.2. "Kijana wangu, alternata yako ni nzima," akaniambia. "Kuna mtu anakunywa betri yako usiku. Tumtafute."

Alichofanya baadaye ndicho ambacho kila anayenunua gari la aina hii angefaa kukiona. Alitoa waya wa hasi wa betri, akaweka mita katikati kwenye kipimo cha ampea 10, akafunga milango, tukanywa chai nusu saa ili kompyuta za gari zilale. (Ukijaribu mwenyewe, usiwashe injini mita ikiwa hapo, utaichoma fyuzi yake.) Gari iliyolala haifai kula zaidi ya miliampea 50 hivi. Yangu ilikuwa inakula 480. Piga hesabu: kwa saa 60, yaani kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni karibu ampea-saa 29 kati ya zile 45 za betri. Ningenunua betri kumi na zote zingekufa.

Hakuchomoa fyuzi ovyo, kwa sababu kuchomoa na kurudisha huamsha kompyuta na kuharibu kipimo. Kwa mita nyingine aligusa ncha mbili za juu za kila fyuzi, moja baada ya nyingine, akitafuta ile inayopitisha umeme. Tukafika kwenye fyuzi ya redio.

Hapa nikaelewa historia ya gari langu. Redio za magari ya Japani ya miaka ile zilisomea FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni nyingi zetu ziko juu ya hapo, kwa hiyo aliyelimiliki kabla yangu aliitoa akaweka skrini kubwa. Aliyeifunga aliunganisha waya mwekundu, unaopaswa kupata umeme ufunguo ukigeuzwa, pamoja na ule wa njano ambao una umeme saa zote. Skrini ilionekana imezima lakini ndani ilikuwa macho usiku kucha.

Chini ya dashibodi tukakuta traka mbili, vifaa vya kufuatilia gari liko wapi. Moja niliijua, ya bima. Ya pili ilikuwa ya mkopo wa zamani uliochukuliwa kwa gari hilo. Muuzaji alipopokea simu alisema deni lilikwisha zamani, na logibuku (cheti cha umiliki wa gari) niliyoikagua kabla ya kulipa haikuwa na jina la benki, kwa hiyo tukaitoa. Traka hiyo ilikuwa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kuzima injini kutoka mbali, na waya wa swichi ulikatwa kwa wembe, ukasokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu iliyokwisha kulegea kwa joto. Hiyo ndiyo iliyonizimia Kangemi. Mzee alikata sehemu yote mbovu, akalehemu waya mpya na kuufunika kwa mpira unaobana ukipashwa joto. Nilimlipa 7,500, kazi ya siku nzima.

Kwa hiyo simlaumu aliyeitengeneza gari hii. Kila kosa tulilolikuta liliwekwa hapa Nairobi, na mikono yenye haraka. Kabla ya kusikiliza injini ya gari kama hii, inama chini ya usukani na tochi. Ukiona tepu nyeusi na waya za rangi zisizofanana, punguza bei au uondoke.

Mvua za Aprili zilileta jambo jingine dogo: zulia nyuma ya viti lililowa kwa sababu matundu ya kutoa maji ya paa yalijaa majani. Niliyazibua, zulia likakauka.

Mwezi uliopita nilikwenda Kakamega siku tisa, gari likabaki limefungwa nyumbani. Mita sasa inasoma miliampea 22. Niliporudi usiku, nikiwa bado na begi begani, niliwasha kwanza kabla ya kufungua mlango wa nyumba. Ikashika mara moja. Kioo cha kushoto bado kinapanda polepole, na mzee ameniambia nimpelekee Jumamosi.