Uzoefu wangu wa ualimu wa awali: siku niliyoitwa yaya mbele ya watoto

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, huku Mtwara wadogo zetu huuliza swali lile lile: "Dada, nimepata divisheni ya tatu, niende ualimu wa awali?" Jibu langu leo ni usiende. Kesho ukiniuliza naweza kujibu vingine, maana kila nikilikumbuka jambo hili kichwa kinapanda moto upya.

Nilisoma cheti cha ualimu wa awali na msingi katika chuo kimoja huku kusini, sikitaji. Maji kukatika, maharage yenye wadudu, foleni ya bafuni asubuhi, hayo kila aliyekaa bweni anayajua, sina muda nayo. Michango ndiyo iliyomtoa jasho baba yangu, lakini hata hiyo nimesamehe.

Nisichosamehe ni hiki. Tangu tunaingia mpaka tunatoka tuliambiwa mtoto wa miaka 5 hajifunzi kwa kukaririshwa, hujifunza kwa kucheza, kugusa na kuuliza. Mtaala wenyewe unasema hivyo. Na tulifundishwaje maneno hayo matamu? Kwa imla! Mkufunzi anasoma, sisi tunaandika mpaka vidole vinakufa ganzi, habari za faida za michezo kwa mtoto. Tulicheka siku za mwanzo. Baadaye tukazoea.

Kisha ikaja BTP, yale mazoezi ya kufundisha ambapo mwanachuo anapelekwa shuleni. Nikapangiwa shule ya kijijini upande wa Tandahimba, korosho ndiyo kwanza zinaanza kudondoka. Wanaoijua kusini wanajua maana yake: leo darasa limejaa, kesho nusu wako shambani na mama zao wanaokota. Sera inazungumzia mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Mimi, siku wakija wote, wengine walikaa dirishani. Wapo walioingia mlangoni na Kimakonde tu, mwalimu ukisema "simama" wanakutazama.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama mtu mzima ambaye Mungu ampe maisha marefu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, hizo chati zako za manila ziweke, hawa watakula." Akanionyesha namna ya kuanza na irabu, mtoto aisikie sauti kwanza ndipo aione herufi, na namna ya kumfanya asiyesema aseme bila kumwita mbele na kumtia aibu. Nilichojifunza kwake hakimo kwenye daftari langu hata moja la chuo.

Tukatengeneza kona ya duka. Maboksi ya sabuni, vizibo vya soda kuwa hela, mbegu za ukwaju kuwa bidhaa za kuhesabu, na vijiti kuwa ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku kusini, ya kuuza. Korosho mbichi nilizikataa makusudi, ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi na hawa kila kitu wanapeleka mdomoni. Kulikuwa na binti mmoja mdogo ambaye tangu nifike sijasikia sauti yake. Tukampa uuzaji. Wiki nzima akawa anapokea vizibo kimya kimya, anatoa mbegu, anageuka.

Siku ya tathmini gari la chuo likaingia bila taarifa. Mkufunzi akashuka, akapokea shikamoo zetu kama mtu anayepokea risiti, akaketi nyuma ya darasa. Hakutazama watoto. Alitazama faili. Azimio la kazi, andalio la somo, kalamu nyekundu mkononi. Watoto wako sokoni, kelele kweli, na hapo ndipo yule binti akamshika mwenzake mkono akapiga kelele: "Bado mbili! Leta hela!"

Jamani, niligeuka kumtafuta mama mwalimu kwa macho. Alishaziba mdomo kwa khanga.

Mkufunzi akagonga dawati. "Mwalimu! Hili ni darasa au gulio?" Nikaanza kueleza kwamba hii ni hatua ya maarifa mapya, wanahesabu. Akanikata: "Umekuja kufundisha au kulea? Hii kazi hata yaya wangu nyumbani anaiweza. Kaa nao wanyamaze, andika moja mpaka kumi ubaoni wafuatishe." Darasa likawa kimya. Yule binti akarudisha vizibo kwenye boksi, kimoja kimoja, akaenda kukaa.

Kipindi cha awali ni dakika 20. Yeye hakufika hata nusu yake. Kwenye fomu akaandika "darasa lina kelele" na "sehemu ya tafakuri haijajazwa". Tafakuri huandikwa somo likiisha, na hilo hakuniacha nilimalize! Halafu akaenda ofisini kula kuku wa kienyeji ambaye walimu walimchangia kwa fedha zao, mimi nikiwemo. Alama alizonipa zilitosha kufaulu na si zaidi.

Sasa ngoja nijipinge mwenyewe. Wenzangu wengine walisimamiwa na wakufunzi wa chuo hicho hicho waliokaa kwenye mkeka na watoto, wakaimba nao, wakatoa ushauri kwa upole. Mmoja wao, aliyetufundisha saikolojia ya mtoto, ningemlipia ada tena kumsikiliza. Kwa hiyo kusema chuo kizima kibovu si haki. Lakini haki gani na mimi nilipangiwa yule?

Ajira bado. Nafanya usaili na huku najitolea kwenye shule moja hapa mjini, darasa la awali, kwa posho ambayo nauli ya bodaboda inaimaliza. Mwalimu mkuu wa hapa naye aliwahi kuniuliza lini "nitapanda" nikafundishe darasa la saba. Nilimjibu kwamba sijaona ngazi. Kona ya duka ninayo tena, safari hii na mizani ya vifuu, na nikiwa humo ndani nasahau kabisa kwamba nilikuambia usiende.

Basi nenda. Ila kabla hujalipa chochote, uliza kama chuo kina shule ya mazoezi na kama mwanachuo anaingia madarasani mapema au anasubiri mpaka BTP. Manila nunua mjini, kijijini bei ni nyingine. Na huyo mkufunzi, nasikia muhula huu wamempa kipindi cha michezo ya watoto. Peleka kalamu nzuri, utaandika sana.