Nyundo ya kinu cha upepo imenigombanisha na jirani

Naandika nikiwa na hasira bado, mnisamehe. Anayetaka kujua bei ya mchezo au unahitaji kompyuta gani, atafute kwingine. Mimi nina neno na nyundo tu, ile inayoendeshwa na kinu cha upepo kwenye mchezo wa kompyuta wa Vintage Story, na usiku mmoja wa juzijuzi nilioumaliza nikitazama bonge la chuma likipoa huku nimeshika kiuno.

Kwa asiyeujua mchezo, chuma huku hakipatikani kirahisi. Unachoma mawe ya madini kwa mkaa, linatoka bonge limejaa takataka, unalipasha tena, unaliweka juu ya fuawe, kisha unagonga. Chembe kwa chembe. Takataka unazitoa, chuma unakisogeza kijaze umbo, hadi upate mkuo mmoja, yaani kipande cha chuma safi. Mmoja! Na bamba moja linakula mikuo miwili. Nimefanya kazi hiyo kwa mkono mpaka kidole cha kubonyeza kipanya kikawa kinauma hata nikiwa kazini.

Basi nikaamua kujenga nyundo. Kumbe kujenga nyundo ni kulima. Kinu kinataka matanga, matanga yanataka kitani (kitani, si katani, ndugu zangu wa Tanga msinijie juu), na matanga yanafungwa manne manne mpaka yatimie 20. Nililima kitani hadi mbegu za chakula zikakosa shamba. Jirani yangu wa kwenye seva, yaani mtandaoni tunakocheza pamoja, akaniuliza, "Kwani nani kafa? Kila siku matanga, matanga." Nilicheka siku hiyo. Sikujua msiba utakuwa wangu.

Ilipoanza kufanya kazi, jamani. Kigingi kinazunguka na mhimili, kinainua mpini, kinauachia: ko! Kinainua tena: ko! Bonge linajifua lenyewe, takataka zinaruka, wewe unachochea mchuzi pembeni. Wiki nzima niliwaambia watu kwamba hakuna kitu kizuri kuliko hiki kwenye mchezo wote. Ningeandika siku ile, mngesoma mashairi.

Sasa usiku wenyewe. Nimepasha mabonge manne, la kwanza liko juu ya fuawe, jekundu hasa. Ko. Kimya. Kimya. Ko. Nikadhani upepo umepungua. Nikapanda ngazi hadi juu, maana nilikijenga kilimani makusudi, kule juu upepo una nguvu zaidi, nikakuta matanga yanazunguka kama yamelewa. Nikakata mti uliokuwa karibu, nikidhani unaziba. Hakuna kitu. Kushuka, bonge limekuwa jeusi, na nyundo inalipiga vivyo hivyo bila faida, maana chuma baridi hakifuliki. Nikarudisha motoni, mkaa mwingine ukaenda.

Mara ya tatu ndipo nilipoufuata mhimili wangu kwa macho, kipande kwa kipande. Nyuma ya ukuta nikakuta gia isiyo yangu. Kwenye gia, mhimili usio wangu. Mhimili umepita chini ya uzio mpaka jikoni kwa jirani, na mwisho wake kuna jiwe la kusagia linanguruma. Anasaga unga! Nguvu ya kinu ni moja, kila unachokining'iniza humo kinachukua sehemu yake, na nyundo ndiyo ilibaki na makombo.

Nikamwandikia. Akajibu, "Kaka, upepo ni wa Mungu."

Nikamwambia upepo wa Mungu, matanga yangu.

Akasema mimi mchoyo, unga wenyewe vibaba viwili tu. Nikachukua shoka nikaivunja gia. Nasema wazi, sijutii. Hapo nikarudi kwa nyundo yangu nikiwa nimeshinda, nikaweka bonge jekundu, nikasubiri. Upepo ukakata. Wa Mungu kweli. Nyundo ikasimama mpini ukiwa nusu juu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nikachukua nyundo ya mkono, nikalimaliza bonge mwenyewe, na ukweli unaoniuma ni kwamba halikuchukua muda kama nilivyokumbuka. Sasa kile kitani chote kilikuwa cha nini?

Na tena haifui kila kitu. Mabonge, mabamba, na chuma cha pua ukifika huko. Kichwa cha shoka hufanyi, kisu hufanyi, hivyo ni mkono tu. Kwa hiyo kama una mahitaji madogo, usijisumbue. Ndivyo nilivyoamua usiku ule, na nilikuwa karibu kuibomoa.

Asubuhi upepo ukavuma. Nikaweka mikuo miwili, nikaenda kuchota maji, nikarudi nikakuta bamba. Sikugusa kitu. Siibomoi. Ila jengeni, kama mna mashamba ya kutosha na mnakaa mbali na watu.

Jirani nimemrudishia mhimili wake, lakini nimeweka klachi katikati, na mkono wa kuiunganisha uko upande wangu. Leo kaniomba asage kidogo. Nimemwambia asubiri, nina bonge motoni.

Sina bonge lolote motoni.