Slaidi ya wima kwenye lethi ndogo: kiwei inakata, ila kifungio kiko wapi?

Haya, karibuni tena. Leo sifungui boksi, boksi ni boksi tu. Kitu chenyewe hiki hapa: slaidi ya wima ya Kichina, haina jina, inayopandisha na kushusha kazi kwenye lethi (mashine ya kukereza) ndogo za saizi ya inchi 7 kwa 14. Unatoa slaidi ya juu inayobeba kisu, unafunga hii mahali pake, na lethi inaanza kufanya kazi ya milingi, yaani kuchonga kwa kisu kinachozunguka. Uzito na ukubwa wa bamba linaloshika kazi vipo kwenye skrini, someni wenyewe. Mimi nataka kiwei, yaani mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, kwa sababu ndiyo kazi inayowafanya watu wainunue, na ndiyo kazi itakayoharibika ukiiacha slaidi ilivyotoka kiwandani.

Shafti ni ya milimita 20, chuma laini. Kwa kipenyo hicho DIN 6885, kiwango cha Kijerumani cha kii, inataka kii ya 6 kwa 6, kina cha 3.5 kwenye shafti. Kii hiyo hiyo utaikuta kwenye mota za umeme za fremu 80 (saizi ya mota), zenye shafti ya 19. Endimili, yaani kisu cha milingi, ni ya 5, ya meno mawili, imeshikwa na koleti (kishikio cha kubana pande zote) ya MT3, saizi ya tundu la spindo, mhimili wa lethi unaozunguka, yenye fimbo ya kuivuta kwa nyuma yake. Jamani, msiishike kwa chaki ya taya tatu! Shingo yake ni ngumu na imesuguliwa laini, taya haziing'ati, msokoto wa meno unaivuta nje taratibu, na kina kinazidi wakati wewe unashangaa chenga.

Sasa kamera isogee, hapa ndipo panaponiudhi. Dayali geji, saa ya kupima mwendo mdogo, imekaa kwenye bedi ya lethi, ncha iko juu ya bamba. Nasukuma bamba kwa kidole gumba. Juu. Chini. Mnaona mshale? Mistari minane, yaani 0.08, na mashine haijawashwa. Slaidi nzima haina kifungio! Mnielewe kwa nini ni kosa kubwa: endimili ikienda kulia inausukuma mzigo upande mmoja, juu au chini. Ukirudi kushoto ndani ya mfereji ule ule, nguvu inageuka. Ule ulegevu wote unahamia kwenye upana wa kiwei. Ulitaka 6.00, unapata 6.08, kii inacheza, puli inagonga, na baada ya muda kuta za kiwei zimelika.

Dawa yake ni rahisi. Ubavuni kuna skrubu tatu za kubana gibu, kile kipande chembamba kinachoondoa ulegevu wa slaidi. Za pembeni kaza mpaka mpini uzunguke kwa uzito kidogo. Ya katikati itoe, weka bolti ndefu ya uzi ule ule yenye kishikio. Hiyo ndiyo kifungio chako. Nasukuma tena... mshale umetulia. Kitu cha bolti moja, kiwanda kimeshindwa!

Kutafuta kati, weka karatasi ya 0.1 juu ya shafti, pandisha slaidi mpaka endimili iiguse. Vuta sadeli, behewa linalotembea juu ya bedi, nyuma, kisha endelea kupandisha, usirudi chini hata kidogo: nusu ya 20, nusu ya 5, na karatasi, jumla 12.6. Ukipanda tu, ulegevu wa skrubu haukudanganyi. Funga.

Kina kinatoka kwa sadeli, na gurudumu lake halina usahihi wa maana, kwa hiyo hamishia dayali geji kwenye bedi iguse sadeli. Zungusha 1,500 kwa dakika, zama 0.3 kila pasi, funga sadeli, sogeza krosi slaidi, ile inayokwenda kukingama bedi. Pasi kumi na mbili hivi. Oili kwa brashi na toa chenga, zikisongamana zinavunja endimili. Ukimaliza, vernia kutoka sakafu ya kiwei hadi mgongo wa shafti isome 16.5.

Kwa nini ya 5? Kwa sababu endimili inayojaza mfereji mzima inapinda, na kama inayumba 0.05 basi kiwei inapanuka 0.05 na hakuna kurudi. Ukiwa na ya 5 unakula 0.5 juu, 0.5 chini, huku ukijaribisha kii yenyewe. Iingie kwa kugongwa na nyundo ya shaba, isidondoke.

Kuna mnaosema kwenye koment kwamba kisu cha upana wa 6 kilichofungwa kulala, spindo imefungwa, sadeli inasukumwa kwa mkono, kinatosha. Kinatosha, sawa, bure kabisa. Ila ni 0.05 kila msukumo, yaani mara sabini, meno ya sadeli yanateseka, na mwisho wa kiwei lazima utoboe tundu kisu kipate pa kuishia. Wenye Myford, lethi za Kiingereza, za zamani na slaidi zake, nyie kaeni kimya, tunajua.

Bei ya slaidi si mbaya, kinachouma ni usafirishaji, ni chuma kizito. Kwa kiwei mbili tatu kwa mwaka, peleka kwa fundi mwenye milingi. Kwa kila wiki, nunua, na ununue na ile bolti. Video ijayo ni kiwei ya ndani ya puli, kina 2.8, na hapo slaidi hii haisaidii kitu.