Siku moja ya kupanga herufi za madini ya risasi London: uzoefu wangu

Naishi mji wa Reading, Uingereza, mwaka wa 11 sasa, na muda wote huo nina mswada wa riwaya kabatini. Mwaka jana mchapishaji mmoja aliniambia yuko tayari kuitoa, mradi gharama zote nilipe mimi. Niliona ni matusi, nikakata simu. Baadaye mwenzangu wa kazini akanieleza kuhusu warsha ya siku moja ya kupiga chapa kwa mkono, London, iliyotangazwa kuwa inahusu wanawake waandishi na biashara ya vitabu ya zamani ya Uingereza. Nikalipa pauni 95 kwa kila kichwa, nikaenda na binti wa marehemu dada yangu, ana miaka 17. Jina la warsha silitaji, maana nina malalamiko na sipendi kumharibia mtu riziki.

Tulikuwa watu sita. Tulianza saa nne asubuhi tukamaliza saa kumi jioni. Kila mmoja alipewa aproni, trei ya herufi, na kibao kidogo cha chuma cha kushika mkono wa kushoto, ambamo unapanga maneno mstari kwa mstari. Trei imegawanywa vyumba vyumba. Chumba cha e ndicho kikubwa kuliko vyote, kwa kuwa Kiingereza kinaila sana hiyo e. Nikajikuta nawaza kuwa trei ya Kiswahili ingehitaji chumba cha a cha ukubwa wa bakuli.

Herufi yenyewe ni kijiti cha risasi, na uso wake uko kinyume kama unavyojiona kwenye kioo. Unapanga kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kichwa chini. Kila kijiti kina mfuo ubavuni, na kidole gumba kinaupapasa ili ujue umekishika sawa. Dakika ishirini za mwanzo nilipanga neno moja. Binti alikuwa pembeni yangu, kila mara: "Ma'mdogo, hii ni b au d?" Nami sijui. Tunaigeuza, tunaisogeza dirishani kwenye mwanga, tunakisia.

Mwalimu, mama wa makamo mwenye mikono myeusi kwa wino hadi kwenye kucha, alitandaza mezani nakala za kurasa za kwanza za vitabu vya zamani, akatuambia kila mtu achague moja apange mistari yake michache. Mimi nilichagua riwaya ya Sense and Sensibility ya Jane Austen, toleo la kwanza la 1811. Jina la Austen halimo. Imeandikwa tu kwamba ni kazi ya bibi mmoja, yaani "By a Lady". Hilo nilikuwa nimewahi kulisikia. Nisichokijua ni mstari wa chini, ambao watu huupita bila kuusoma: kwamba kitabu kimepigwa chapa na C. Roworth kwa ajili ya mwandishi, na kutolewa na T. Egerton wa Whitehall.

Kwa ajili ya mwandishi. Maana yake mwandishi ndiye aliyebeba gharama. Karatasi, uchapaji, matangazo, vyote vilikuwa juu yake, mchapishaji akachukua kamisheni yake kwenye mauzo. Kaka yake Henry aliandika baadaye kuwa dada yake alitenga kabisa fedha kutoka kwenye kipato chake kidogo, kwa kuwa aliamini atapata hasara. Hakupata hasara. Kufikia Julai 1813 nakala zote zilikuwa zimeuzwa, naye akabaki na faida ya pauni 140, na hakimiliki ikiwa bado mkononi mwake.

Nikaacha kupanga, nikakaa kwanza. Yule mchapishaji niliyemkatia simu alinipa masharti ya namna ile ile aliyokubali Austen.

Kwa hili mwalimu namsifu sana: hakutuachia hadithi tamu tu. Alitueleza na upande wa pili, wa kuuza hakimiliki moja kwa moja ukachukua chako ukaondoka. Austen alifanya hivyo mara mbili. Mwaka 1803 mswada wake uliojulikana kama Susan uliuzwa kwa kampuni ya Crosby kwa pauni 10. Crosby akautangaza, kisha akaukalia. Miaka sita ikapita. Mwaka 1809 Austen akamwandikia kwa jina la bandia, Mrs. Ashton Dennis, akiuliza kulikoni, na akatia sahihi M.A.D., herufi ambazo kwa Kiingereza zinasomeka kuwa ana hasira. Jibu lilikuwa kwamba akiutaka, arudishe pauni 10 zile zile. Ulikombolewa mwaka 1816, na kitabu kikatoka mwishoni mwa 1817 kwa jina la Northanger Abbey, miezi kadhaa baada ya mwenyewe kufariki. Mara ya pili ni Pride and Prejudice. Alitaka pauni 150, Egerton akampa 110, akakubali. Kila toleo lililofuata faida ilikuwa ya Egerton.

Na Austen hakuwa na mume. Mwanamke aliyeolewa, kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, pato lake lilikuwa la mumewe. Charlotte Smith alitoa mashairi yake mwaka 1784 kwa gharama zake mwenyewe, mumewe akiwa gereza la King's Bench kwa madeni naye akiishi naye humo. Walitengana mwaka 1787, na bado mume aliendelea kudai fedha za vitabu vya mkewe. Mama huyo aliandika riwaya kumi huku akilea kundi la watoto. Hili mwalimu alilitaja akiwa amesimama, dakika mbili, akaendelea na wino. Mimi ningekaa hapo saa nzima.

Binti alichagua ukurasa mwingine: mashairi ya Phillis Wheatley, London, 1773. Phillis aliibwa Afrika Magharibi akiwa mtoto wa miaka saba au minane, akashushwa Boston mwaka 1761 kutoka kwenye meli iliyoitwa Phillis, na jina la meli ndilo waliomnunua wakampa. Huko Boston walitafutwa kwa tangazo watu wa kulipia kitabu chake mapema, wakakosekana wa kutosha. Watu 18 wa heshima wa mji ule, gavana akiwemo, walitia sahihi kuthibitisha kwamba mashairi ni yake kweli. Aliyekitoa kitabu ni Archibald Bell, muuza vitabu wa Aldgate, London. Mwanzoni mna picha ya Phillis ameketi mezani, kalamu mkononi, anafikiri.

Tofauti na Austen, jina la Phillis lipo, tena kubwa. Ila chini yake wameandika kuwa ni mtumishi mweusi wa Bwana John Wheatley wa Boston. Binti alipofika hapo akanyamaza. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, polepole, wengine wasielewe: "Ma'mdogo, huu mstari wa bwana wake niupange au niuruke?" Nikamwambia, "Upange, mwanangu, ndivyo walivyouandika." Akaenda kwenye makabati akachagua herufi ndogo kuliko zote zilizokuwepo mle chumbani. Zilimtesa, vidole vilikuwa vinateleza, lakini alikataa kubadilisha.

Phillis aliachiwa huru mwishoni mwa mwaka ule ule. Mwaka 1779 alitangaza kitabu cha pili, hakikutoka. Alifariki 1784.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema tutatumia mashine ya enzi za Austen. Mashine tuliyoikuta ni Albion, ya chuma, muundo uliobuniwa London karibu na mwaka 1820, na Austen alifariki 1817. Ni mashine nzuri, ukivuta mkono wake unausikia uzito hadi begani, lakini vitabu vingi vya enzi zile vina asili ya mashine za mbao, za watu wawili, mmoja anapaka wino kwa mipira ya ngozi na mwenzake anavuta. Waseme ukweli kwenye tangazo, basi.

La pili limeniuma zaidi. Wanawake waliofanya kazi yenyewe ya uchapaji walipewa robo saa, halafu karibu saa nzima ikaliwa na kadi za salamu zenye maua. Wajane wa wachapaji London waliruhusiwa kuendesha matbaa za waume zao, na wengi walifanya hivyo. Mary Cooper aliendesha duka la marehemu mumewe Paternoster Row tangu 1743 hadi 1761. Tace Sowle hakungoja hata kuolewa: alishika matbaa ya baba yake mwaka 1691, akawachapia Marafiki (Quakers), madhehebu ya Kikristo ambayo jirani zetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanayajua vizuri, na muuza vitabu John Dunton aliandika kuwa bibi huyo ni mpanga herufi hodari. Mtu amelipa pauni 95 kupanga herufi kwa mikono yake, halafu haambiwi kwa kina kuhusu mwanamke aliyeishi kwa kazi hiyo hiyo!

Pamoja na hayo, nendeni. Vaeni nguo msizozionea uchungu, wino wa mafuta hautoki. Bebeni chakula, walichotupa ni mkate na jibini tu. Mwenye macho dhaifu asisahau miwani.

Karatasi yangu ilitoka na kosa. Neno la Kiingereza la "mwandishi", Author, nililipanga kwa herufi ndogo, na u ikageuka kichwa chini ikawa n. Mwalimu alisema kosa hilo limejaa kwenye vitabu vya zamani, akanikatalia nisirekebishe. Wiki iliyofuata nilimpigia yule mchapishaji, nikamwomba radhi, nikamwomba mchanganuo: karatasi kiasi gani, uchapaji kiasi gani, kamisheni yake kiasi gani, na hakimiliki inabaki kwa nani. Ameniletea ukurasa mmoja na tunauzungumza.

Ya binti iko ukutani juu ya kitanda chake. Ukisimama mlangoni unasoma PHILLIS WHEATLEY bila shida. Jina la John Wheatley mpaka upande kitandani usogeze uso.