Kabla ya Kulipia Difu ya Surf, Hesabu Meno

Transfa ya Hilux yangu, ile giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, ilipasuka kilomita chache baada ya Olorgesailie, mchana kweupe, gari likiwa halina mzigo. Sikuwa nimekwama wala kuvuka mto. Tulipoacha lami ya Magadi niliweka 4x4 kwa sababu njia ilikuwa ya mawe na mchanga. Baada ya kama nusu saa nikataka kuitoa, gia ikakataa. Nikasimama, nikarudi nyuma kidogo kama tulivyozoea, bado ikakataa. Nilipoondoka tena nikasikia chini ya miguu yangu mlio kama wa kuni kavu zinazovunjwa, na gari likalala hapo hapo.

Chanzo nilikuwa nimekifunga mwenyewe wiki mbili kabla: difu ya nyuma, yaani gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu, iliyotoka kwenye Toyota Surf, niliyoinunua Kirinyaga Road, Nairobi, pale ambapo wengi wetu bado tunapaita Grogan. Difu yenyewe ilikuwa nzima. Haikuwa na kovu, bearing zake hazikulia, na oili yake ilitoka safi. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya meno, na hakuna aliyeniambia niyahesabu.

Ninaandika haya kwa sababu kila wiki naulizwa swali lile lile: nina Hilux ya zamani, LN106, ile ya springi bapa mbele na nyuma, injini ya 3L isiyo na turbo, imetembea hadi mita haisomeki tena, ninunue gari gani la kuvunja nichukue vipuri ili niiongezee nguvu? Wanaouliza wanataka kujua habari za injini tu. Kukagua moshi, kupima kompresheni, kuangalia kama maji ya rejeta yana mafuta, hayo kila fundi wa Nairobi atakufanyia huku akizungumza na simu. Mimi nataka tuanzie chini ya gari.

Uwiano wa difu ni idadi ya meno ya krauni, ile gia kubwa, ukigawanya kwa meno ya pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha. Kwenye difu za Toyota za inchi 8, ambazo ndizo zilizo kwenye LN106, Surf na Prado nyingi, utakutana na 41 kwa 10, 43 kwa 10, 41 kwa 9 na 39 kwa 8. Yaani 4.1, 4.3, 4.556 na 4.875. Kwa nje zote ni kitu kimoja. Chungu, yaani gamba la ekseli linalobeba difu, ni kile kile, boliti ni zile zile, na ekseli za meno 30 zinaingia bila kelele. Toyota ilitoa modeli moja na uwiano tofauti kulingana na injini, giaboksi na ukubwa wa tairi, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ya Surf" hajakwambia kitu.

Ya kwangu mbele ilikuwa 4.556. Niliyofunga nyuma ilikuwa 4.3. Ukiwa kwenye lami na nyuma pekee inasukuma, hutahisi chochote, labda mita ya spidi itakudanganya kidogo. Ukiweka 4x4, transfa inafunga propela mbili, zile shafti ndefu zinazokwenda difu ya mbele na ya nyuma, zizunguke sawasawa, na hapo ndipo balaa linapoanza. Tairi la nyuma likizunguka mara 100, la mbele linataka kuzunguka mara 94 tu. Kwa tairi la inchi 31, hiyo ni tofauti ya zaidi ya raundi 22 katika kila kilomita moja. Hizo raundi lazima ziende mahali. Kwenye tope zinaishia kwa tairi kuteleza, kwa hiyo unaweza kumaliza msimu mzima wa mvua bila kujua. Kwenye murram kavu tairi zinashika, na mkazo wote unajikunja ndani ya transfa mpaka kilicho dhaifu kivunjike. Gia kukataa kutoka ndiyo dalili ya kwanza. Mimi niliidharau.

Kupima hakuhitaji kufungua kitu. Kama gari la kuvunja bado lina magurudumu, weka gia kwenye nyutro, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua upande mmoja tu wa nyuma kwa jeki, na uweke stendi chini ya ekseli. Chora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Mmoja azungushe tairi raundi 20 kamili, mwingine alale ubavu ahesabu propela. Ikizunguka mara 41, difu ni 4.1. Mara 43, ni 4.3. Mara 45 na nusu, ni 4.556. Mara 48 na robo tatu, ni 4.875. Usizungushe mara mbili tu halafu ukadirie kwa macho, kwa sababu tofauti ya 4.1 na 4.3 haitaonekana. Tairi likikataa kuzunguka, huenda difu ina loki au haitaki kuachia. Inua pande zote mbili na uzungushe magurudumu yote mawili raundi 10 pamoja. Ukigeukia mbele kwenye LN106, zuia ya nyuma na ukumbuke kufunga habu, zile swichi za katikati ya magurudumu ya mbele zinazoyaunganisha na ekseli, la sivyo utazungusha tairi peke yake na propela isiguswe.

Kama difu iko sakafuni dukani, hesabu meno. Paka jino la kwanza chaki, zungusha taratibu, hesabu kwa sauti. Muuzaji atasimama juu yako akikwambia una mchezo. Endelea kuhesabu.

Sasa mpangilio wangu wa mahali pa kutoa vipuri, kuanzia ninachokipenda zaidi.

La kwanza, na mbali mbele ya mengine, ni gari zima lililogongwa hapa hapa nchini, lenye logbook (hati ya umiliki), na liwe Toyota. Surf ya KZN130 au KZN185, au Prado KZJ78 au KZJ95, zile za injini ya 1KZ ya lita 3 yenye turbo. Napenda Toyota na siombi radhi. Ukikwama Loitokitok saa kumi jioni utapata mtu mwenye bearing ya Hilux kwenye droo, na hilo kwangu lina uzito kuliko nguvu zozote za farasi zilizoandikwa kwenye karatasi. Uzuri wa gari zima ni kwamba unaliwasha, unalisikiliza, unazungusha tairi na kuhesabu, halafu unaondoka na vitu vidogo ambavyo ukivitafuta kimoja kimoja vitakumaliza: waya, kompyuta ya injini, pedali, busta ya breki na masta silinda yake, mabomba, vishikio. Injini ikiwa 1KZ-TE, pampu yake ya dizeli inaongozwa na kompyuta, na bila kompyuta na waya wake umenunua chuma cha kufungia mbuzi. Surf nyingi za Japani zilikuwa otomatiki, kwa hiyo kama unataka gia za mkono, uliza kabla hujapanda matatu. Kichwa cha 1KZ ni cha alumini na hupasuka kikichemka. Kipeleke kikapimwe kwa presha kabla ya kukifunga, hata kama gari limewaka vizuri mbele yako.

Breki ziende kabla ya injini. Narudia kwa fundi yeyote anayesoma: usimfungie mteja turbo kwenye gari linalosimama kwa breki za 1990 zilizochoka.

La pili ni nusu-kata kutoka Japani, yaani gari lililokatwa katikati na kuuzwa nusu. Kwa sheria yetu gari lililotumika haliingii likiwa na zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Surf hizi haziwezi kuja nzima tena, zinakuja vipande. Nusu ya mbele inakupa injini, giaboksi, waya na dashibodi. Haikupi difu ya nyuma, na hili watu hulisahau kabisa. Difu ya mbele inayokuja nayo ni ya saspensheni huru, haiingii kwenye ekseli nzima ya LN106. Lakini nusu ya mbele ina kitu kimoja cha thamani: kibati cha chuma kilichopigwa kwenye ukuta wa injini, chenye modeli na msimbo wa giaboksi na ekseli. Kipige picha. Kwa kibati hicho unajua uwiano uliotoka kiwandani, na unajua pia kama injini uliyoonyeshwa ni ya aina iliyozaliwa na gari hilo. Kibati kikiwa kimeng'olewa, mimi naondoka.

Chunga nusu-kata zinazopitia Sharjah. Zikiwa za magari ya kule, usukani uko kushoto. Injini itakufaa, lakini boksi la usukani na pedali havitakufaa, na muuzaji atakuhesabia bei kana kwamba vyote vinaingia.

La tatu ni difu pekee kutoka dukani, ndiyo njia iliyoniumiza. Inafaa kama unajua unachotafuta. Kwa LN106 kuna jambo zuri: mbele na nyuma ni difu ya inchi 8 ile ile, kwa hiyo ukipata mbili zenye uwiano sawa unazifunga zote na mambo yanatulia. Zile zenye loki ya umeme zinavutia, lakini mpangilio wa boliti zake ni tofauti na chungu cha kawaida. Nunua ekseli nzima pamoja na chungu chake, na ujue Surf hukaa kwenye springi za koili, kwa hiyo vishikio vitakatwa na vya springi bapa vichomelewe. Mchomeleaji awe mtu unayemwamini, kwa sababu pembe ya pinioni ikikosewa propela itatetemeka hadi siku ya mwisho.

Wenye Land Rover wananiandikia kwamba ninawasahau. Defender na Discovery ya kwanza zote zina difu za 3.54, kwa hiyo tatizo langu nyinyi hamnalo, na nakiri hilo ni jambo jema. Lenu liko kwenye transfa ya LT230: ya Discovery ni 1.222, ya Defender ni 1.410. Ukihamisha kwenye Defender injini ya 300Tdi ya Discovery pamoja na giaboksi na transfa yake nzima, gari litakimbia vizuri Thika Road, kisha likiwa na mzigo litaomba gia ya chini kila kona ukipanda kutoka Mai Mahiu. Baki na transfa yako ya Defender. Wenye zile Series za zamani za 4.7 wanaotaka difu za Discovery, badilisheni mbele na nyuma siku moja.

Krauni mpya za bei ya chini zisizo na jina zipo, na meno yake huisha mapema. Kuchomelea difu iwe kitu kimoja sitakupa mwongozo wake, maana gari hilo litapita mjini kati ya watoto wa shule.

Sasa bei. Difu yangu niliambiwa kwa simu shilingi 32,000. Nilipofika dukani na kuonekana kuwa ni mwanamke, ikawa 45,000, "kwa sababu ya dola, mama." Dola haikuwa imepanda kati ya Ngara na pale. Nilimuuliza muuzaji uwiano, akaniambia difu zote za Toyota ni moja. Risiti aliyonipa imeandikwa "diff 1" na chini yake, kwa mhuri mwekundu, kwamba mali ikiuzwa hairudi. Niliporudi na hesabu ya meno kwenye kipande cha karatasi, hakukataa kwamba ni 43 kwa 10. Alisema ningeuliza. Niliuliza, na fundi wangu alikuwa amesimama pale akisikia.

Hili linaniuma kuliko pesa za transfa. Mtu anayeuza difu miaka yote anajua uwiano ni nini. Kipande cha chaki na dakika tano vingetosha kuandika namba juu ya kila difu iliyoko rafuni. Hawaandiki kwa sababu mteja asiyejua hununua mara mbili. Kwa hiyo mwambie aandike uwiano kwenye risiti kabla hujatoa pesa. Akikataa, maduka ni mengi na barabara ni ndefu.

Upande wa karatasi, namba ya injini iko kwenye logbook, kwa hiyo ukibadilisha injini lazima NTSA, mamlaka inayosajili magari, wabadilishe taarifa hizo. Beba nakala ya logbook ya gari lililovunjwa au hati za forodha za nusu-kata, pamoja na mkataba wa mauzo wenye namba ya injini. Muuzaji anayekuambia utazipata kesho, mlipe kesho.

Yangu sasa ina 4.3 mbele na nyuma. Ya mbele niliitoa nyuma ya Surf iliyogongwa, uwanjani Industrial Area, baada ya kulala chini mwenyewe nikihesabu propela huku fundi akizungusha tairi: 43, mstari wa chaki ukirudi pale pale ulipoanzia.